Mvutano wa dunia haujachoka

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa sayansi wiki iliyopita ulieleza kwamba mwezi unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Ni kweli. Umbali huo hupimwa kwa miali ya leza inayorudishwa na vioo walivyoviacha mwezini wanaanga wa Apollo mwaka 1969 na 1971. Lakini mwandishi akaongeza kuwa sababu ni kupungua kwa mvutano wa dunia. Hapo naomba nafasi, maana wanafunzi wangu wa kidato cha sita walikuja darasani na gazeti mkononi.

Mvutano haujapungua. Kinachousogeza mwezi ni maji haya haya yanayojaa na kupwa hapa Tanga.

Mvuvi yeyote wa Deep Sea, soko letu la samaki, atakwambia kuwa maji ya leo hayajai saa ile ile ya jana. Iwe bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), yanachelewa, kwa wastani dakika 50. Dunia ikimaliza kujizungusha mara moja, inakuta mwezi umeshasogea mbele kidogo upande ule ule, hivyo inabidi iufuate. Dunia inajizungusha kwa siku moja, mwezi unaizunguka kwa siku 27 na ushei. Kwa kuwa dunia ndiyo yenye haraka, msuguano unaufanya mwinuko wa maji, unaoletwa na mvutano wa mwezi, utangulie mbele ya mwezi badala ya kukaa chini yake sawasawa. Mwinuko huo unauvuta mwezi kwenda mbele. Mwezi nao unauvuta mwinuko kurudi nyuma, na dunia inapunguza mwendo.

Hapa ndipo penye kanuni ninayoipenda kuliko zote ninazofundisha. Jumla ya momenta ya mzunguko (kipimo cha mzunguko wa kitu, kinachotegemea uzito wake, kasi yake na umbali wake kutoka kitovu) haibadiliki mpaka pawe na kitu cha nje cha kuibadilisha. Inayoondoka duniani lazima ionekane mwezini. Nishati sehemu kubwa hugeuka joto humo baharini, lakini momenta ya mzunguko haina pa kupotelea. Mwezi ukiipokea unapanda njia ya mbali zaidi. (Huko juu kasi yake inapungua, jambo linalowatatiza vijana kila mwaka, ila umbali unaoongezeka unafidia na kuzidi.)

Na dunia? Siku yetu inarefuka takriban milisekunde 2 kila karne. Ni kidogo sana, lakini miaka ni mingi. Mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu mistari ya ukuaji wa kila siku katika visukuku vya matumbawe ya zama za Devoni, karibu miaka milioni 400 iliyopita, akakuta mwaka mmoja ulikuwa na siku kama 400. Mwaka ulikuwa ule ule. Siku ndiyo ilikuwa fupi, saa 22 hivi. Matumbawe yametunza hesabu hiyo muda wote huo, nasi pwani hii tumeyapasua kwa baruti ili tupate samaki wa siku moja. Inaniuma.

Ombi langu ni hili: mkichapa tarakimu ya sayansi, chapeni na sababu yake, na iwe ya kweli. Watoto wa hapa wanayaona maji hayo asubuhi na jioni. Wakipewa tarakimu tupu watadhani fizikia inatokea kwingine. Mkihitaji, hesabu nzima inaenea ukurasa mmoja wa daftari, na wanafunzi wangu wameshaiandika.

Mwalimu wa fizikia,
Chumbageni, Tanga