MRI ya mtiririko wa damu kichwani bila sindano: uliza haya kabla hujapanda basi

Karatasi nyingi zinazofika ofisini kwetu hapa Ngamiani, Tanga, zimeandikwa kwa ufupi sana: "MRI ubongo". Ndugu wa mgonjwa anataka tumpangie siku ya kipimo Dar es Salaam, usafiri, mahali pa kulala na mtu wa kumsindikiza. Hiyo ndiyo kazi yetu. Ila kabla ya kupiga simu kokote huwa tunauliza swali moja: daktari anataka kuona umbo la ubongo, au anataka kujua damu inafikaje humo ndani?

Ni mambo mawili tofauti. MRI ya kawaida, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inaonyesha uvimbe, kovu la kiharusi, sehemu iliyosinyaa. Lakini ubongo unaweza kuonekana mzima pichani huku upande mmoja ukipata damu pungufu kwa sababu mshipa wa shingoni umebana. Hilo lina picha yake, inapigwa kwenye mashine ileile, na isipoombwa haipigwi. Mtu anarudi Tanga na CD yake, daktari anaifungua, anachokitafuta hakimo. Zaidi ya kilomita 300 kwenda, na nyingine kurudi.

Njia iliyozoeleka ya kupata picha hiyo ni kuchoma sindano ya dawa yenye madini ya gadolini na kuifuatilia inavyopita kichwani. Mwaka 1992 watafiti nchini Marekani, wakiwemo John Detre na Alan Koretsky, walionyesha kwa panya kwamba damu yenyewe inaweza kufanya kazi ya dawa. Njia hiyo madaktari huiita ASL (arterial spin labelling, yaani kuitia alama damu inayokwenda kwenye ubongo), na herufi hizo tatu ndizo tunazoomba ziandikwe kwenye fomu.

Bibi mmoja wa Makorora alituuliza, "Wanangu, hiyo damu wataipima bila kuitoa?" Ndiyo bibi, haitoki hata tone. Damu kwa sehemu kubwa ni maji. Inapopita shingoni, mashine inairushia mawimbi ya redio yanayogeuza usumaku wa haidrojeni iliyo ndani ya maji hayo. Mgonjwa hasikii chochote isipokuwa kelele za mashine. Baada ya kama sekunde 1.8, damu ile ikiwa imeshafika kwenye nyama ya ubongo, inapigwa picha. Kisha inapigwa ya pili bila kuitia damu alama. Tofauti ya picha hizo mbili ndiyo damu iliyoingia. Ni sawa na karani wa bandarini anayetia chaki marobota ya mkonge getini, kisha anakwenda ghalani kuhesabu yenye chaki.

Tatizo ni kwamba chaki yenyewe ni hafifu na inafutika upesi. Tofauti kati ya picha hizo ni kama asilimia 1, mara nyingi haifiki. Kwa hiyo zinapigwa jozi nyingi kwa dakika nne au tano, na mgonjwa akijikuna pua kazi imeharibika. Kwa wazee na wenye mishipa iliyobana, damu inachelewa kufika. Mwongozo wa wataalamu wa kimataifa wa 2015 unapendekeza wasubiriwe sekunde 2. Damu ikichelewa kuliko hapo, kwenye ramani linatokea doa kana kwamba damu haipo, kumbe ipo njiani. Daktari wa radiolojia aliyezoea picha hizi huona mishipa ikiwaka kando ya doa na kujua ni ucheleweshaji. Asiyezoea anaweza kuandika ripoti ya kukutia hofu bure.

Kwenye ripoti unaweza kukuta namba. Kwa mtu mzima wastani wa ubongo wote ni mililita 50 hivi za damu kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika, na watoto huwa juu zaidi. Ikishuka chini ya 20 hivi, seli zinaanza kushindwa kazi, na ikikaribia 10 zinakufa. Ushauri wetu ni kwamba usiishike namba moja ukalala nayo. Watu wazima wenye afya wanatofautiana sana. Linganisho la upande wa kulia na wa kushoto mara nyingi linasema zaidi.

Hapa niseme kidogo na wazazi wenye watoto wa selimundu, maana nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani. Mtoto mwenye damu pungufu, ubongo wake hujitafutia kwa kuvuta damu kwa wingi zaidi. Namba inakuja kubwa, mzazi anafurahi, na si habari ya kufurahia. Tena hesabu yenyewe inategemea wingi wa damu, yaani himoglobini: ikiwa chini, alama hukaa kwa muda tofauti na damu inapita shingoni kwa kasi, hivyo kompyuta ikikadiria kwa damu ya mtu wa kawaida inakosea. Majibu ya wingi wa damu ya karibuni yaende na mtoto. Na kabla ya yote hayo, muulizeni daktari kuhusu ultrasaundi ya mishipa ya kichwa. Ni ya bei nafuu kuliko MRI, na ndiyo inayotumika kuwachuja watoto wa selimundu walio hatarini kupata kiharusi: kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Tumewahi kuwarudisha wazazi kwa daktari wakaanze na hicho, na hatukuwatoza kitu.

Je, sindano ya gadolini ni sumu? Hapana, na tusiwatishe watu ili tuuze safari. Mwaka 2006 iligundulika inahusiana na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa wagonjwa ambao figo zimechoka kabisa, na mwaka 2017 Ulaya ilisitisha baadhi ya aina zake baada ya mabaki kuonekana ubongoni. Aina za sasa zinazotumika zaidi ni salama kuliko hizo. Kwa anayesafishwa figo, kwa mjamzito, au kwa mtoto atakayepimwa mara kwa mara, kuiepuka kuna maana. Lakini kwa uvimbe au maambukizi ya ubongo, daktari huenda akahitaji sindano hata kama ASL imefanyika. Akisema ichomwe, msibishane naye kwa sababu mmesoma hapa.

Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakikwama, msitupigie sisi. Nendeni Bombo au hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo.

Kwa safari ya kupangwa, maandalizi ni haya. Kahawa iachwe tangu usiku wa kuamkia kipimo, pamoja na chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa sababu kafeini inapunguza damu ya ubongo kwa kiasi kinachoonekana kwenye kipimo. Tunajua ni taabu kwa mzee aliyezoea kahawa chungu na kashata, lakini akinywa kikombe pale stendi ya Kange asubuhi, kipimo cha mchana kitakuwa cha kahawa. Pini za mtandio zitolewe, nywele zilizoshonwa kwa pini za chuma zifumuliwe nyumbani, wanja uoshwe. Mwenye kifaa cha moyo au klipu ya upasuaji kichwani aseme mapema, na aje na karatasi za upasuaji.

Si kila mashine ya MRI ina programu ya ASL, na kwingine ipo ila haitumiki mara kwa mara. Kwa hiyo tunapiga simu chumba cha MRI chenyewe, si mapokezi, na kuuliza mambo mawili: ipo, na nani ataisoma? Jibu likiwa la kubabaisha tunatafuta kwingine. Malipo ya kipimo unalipa mwenyewe hospitalini na risiti ni yako; sisi tunatoza usindikizaji tu. Wenye bima tunawaomba waulize kwanza kama kipimo hiki kinalipiwa. Siku ya majibu omba CD yenye picha zote, zikiwemo ramani za rangi, pamoja na ripoti iliyosainiwa. Filamu peke yake daktari wako wa Tanga hawezi kuifanyia kitu.