Barua kwa Mujinga, kabla hajaingia katika nyumba ya kamera

Lubumbashi, Katuba

Mwanetu Mujinga,

Jambo sana, Mama. Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza mara mbili, na mara ya pili shangazi yako alikuwepo. Basi ujue Katuba nzima imeshapata habari kwamba umepita mchujo wa pili wa kipindi hicho cha Paris. Hatukuandikii kukukataza. Umri wa kukatazwa umepita. Tunakuandikia kwa sababu kazi ya tele tunaijua upande wa nyuma ya kioo, na nyumba ya namna hiyo, yenye watu kumi na wawili wanaokaa usiku na mchana mbele ya kamera, mtu mweusi akiwa peke yake humo, shida yake ina njia inayojulikana. Huanzia kwenye jina, hupitia jikoni, halafu huishia kwenye meza ya montaji, pale picha zinapokatwa na kuungwa.

Kuhusu jina una mazoezi ambayo wenzako hawana. Kwa Kiluba cha Kasai wewe ni mtoto aliyezaliwa na kamba ya kitovu imemzunguka shingo. Kwa Kiswahili cha mtaani hapa, wenzako wa shule walisikia mpumbavu tu, wakacheka miaka sita. Huko watakosea kwa namna nyingine. Ukiingia tu, litamke taratibu, vipande vitatu: Mu-ji-nga. Atakayekosea umsahihishe papo hapo kwa sauti ya kawaida, siku ya kwanza na ya pili. Anayekosea siku ya tano hakosei tena, ameamua. Na usikubali kupewa jina la mkato, hata likitolewa kwa mapenzi, maana jioni hiyo hiyo litaandikwa kwenye skrini chini ya uso wako na hutaweza kulifuta.

Utaona tunakuza jambo dogo. Rudi Januari 2007, Uingereza, Celebrity Big Brother, kipindi cha nyumba ya kamera cha stesheni ya Channel 4. Shilpa Shetty, mwigizaji wa filamu wa India, aliingia nyumba ile. Jackiey Budden, mama wa mshiriki Jade Goody, jina hilo lilimshinda au hakutaka kulijaribu, akawa anamwita "Mhindi" tu. Nyumba ikazoea. Kisha mambo yakahamia jikoni. Mshiriki mwingine, Danielle Lloyd, akalalamika kwamba Shilpa anagusa chakula na hajulikani mikono yake imepita wapi. Mwenzake Jo O'Meara akafanya mzaha kwamba Wahindi ni wembamba kwa sababu wanaugua kwa kula vyakula visivyoiva. Ugomvi mkubwa, ule uliozungushwa dunia nzima, ulianza na vipande vya kuungia mchuzi, hivi tunavyoita magi! Baadaye Jade akambandika jina la Shilpa Poppadom, yaani papadi, ule mkate mwembamba mkavu wa Kihindi. Mmoja akasema arudi kwao.

Wengi hapa hukumbuka kwamba Jade alitolewa kwa kura 82% na Shilpa akashinda kwa 63%, wanafurahi, wanafunga hadithi. Sisi tunakuomba uangalie chumba cha udhibiti. Mwanzoni stesheni ilisema ule ni mgongano wa tabaka na wa tamaduni. Watazamaji walikuwa wanaongezeka. Malalamiko zaidi ya 44,000 yalifika kwa mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, na mdhamini, Carphone Warehouse, akasimamisha fedha zake. Mei 2007 Ofcom iliamua kwamba Channel 4 ilivunja kanuni, ikailazimisha kutangaza uamuzi huo hewani mara tatu. Katika uchunguzi ule ilijulikana pia kwamba kulikuwa na maneno mengine yaliyorekodiwa lakini hayakuonyeshwa, na wakubwa wa stesheni hawakuarifiwa kwa wakati. Lakini watu wa zamu walikuwa wameyasikia. Usitegemee kwamba kwa kuwa kamera imeona, mwenye kamera atafanya kitu. Juni mwaka ule ule, katika Big Brother iliyofuata, Emily Parr alitolewa nyumbani mara moja kwa neno moja la kibaguzi alilomwambia mwenzake. Kumbe iliwezekana.

Jambo moja juu ya Jade, maana watu humsahau. Miaka mitano kabla, mwaka 2002, yeye mwenyewe aliingia Big Brother na magazeti ya London yakamwita nguruwe. Mashine ile ile ilimfanya kichekesho, ikamfanya nyota, ikamfanya adui. Atakayekutesa wewe humo huenda naye anasukumwa na mtu mwenye karatasi ya maswali mkononi. Haimwondolei kosa lake, ila ujue mko wangapi katika ugomvi.

Jikoni basi. Ukipika bukari na ndakala, yaani ugali na dagaa, mtu atasema harufu. Fungua dirisha, washa feni, sema unapika nini, na usiombe radhi. Kuomba radhi kwa chakula kunapendwa sana na wahariri wa picha, kwa sababu kunaonekana kama kukiri.

Sasa montaji, na hapa utuvumilie. Watu 12 kwa siku moja wanazaa saa 288 za maisha, na kipindi cha jioni ni kama dakika 45. Tuseme saa tisa mchana mwenzako anakuuliza kama kwenu kuna maghorofa. Unanyamaza. Saa moja usiku anakuuliza kama nywele hizo ni zako. Unacheka kidogo ili yapite. Saa nne usiku anazishika bila kuomba, nawe unapaza sauti: "Niache! Nimechoka na wewe!" Hizo ni sekunde nne. Mhariri anazichukua. Kabla yake anaweka picha ya mwenzako akitabasamu na kikombe cha chai, iliyopigwa asubuhi. Baada yake anaweka uso wa mtu wa tatu aliyeziba mdomo kwa mkono, uliopigwa juzi sahani ilipoanguka. Chini yake anapitisha ngoma nzito. Saa tisa haipo, saa moja haipo. Kesho yake wewe ndiye mwanamke mweusi mkali, na hakuna hata neno moja lililobuniwa.

Dawa yake ni jibu linalobeba sababu yake ndani. "Umeshika nywele zangu bila kuniomba, na leo ni mara ya tatu unanichokoza kwa asili yangu. Acha." Sentensi kama hiyo, wakiikata mwanzo, kati au mwisho, kosa la mwenzako bado linaonekana. Iseme kwa sauti ya chini, maana ngoma ile inahitaji kelele zako. Na usingoje mara ya tatu. Ile ya saa tisa ndiyo rahisi kuijibu, kwa sababu bado hujachoka.

Katika mahojiano ya peke yako watakuambia uvae nguo ile ile kila mara. Si kwa usafi wa picha tu. Ni ili maneno ya Jumatatu yaweze kushonwa na ya Alhamisi. Watakuomba pia urudie swali ndani ya jibu, kwa sababu sauti ya muulizaji itaondolewa. Anza kila jibu na siku, jina na tendo: "Jumatatu wakati wa chakula, fulani alisema hivi." Wakikuuliza, "Unafikiri ni mbaguzi?", usijibu ndiyo wala hapana. Ukisema ndiyo, swali litakatwa na wewe utabaki mtu anayerusha tuhuma; ukisema hapana, umemsafisha. Taja alichosema, neno kwa neno, unyamaze. (Na wewe unapotazama tele, mtu akisikika huku mdomo wake hauonekani, sikiliza mlio wa chumba. Ukibadilika katikati ya sentensi, hapo pameshonwa.)

Mikro ya kifuani inabaki wazi mchana kutwa, kunong'ona hakukusaidii. Pombe ni ya bure na saa hazipo ukutani, mengine unayajua.

Likitokea tusi la rangi, ingia chumba cha kuongea na kamera siku hiyo hiyo, useme wazi kwamba unaripoti. Taja nani, maneno yenyewe, baada ya mlo gani kwa kuwa saa huna, nani alisikia, na unataka kifanyike nini. Omba anayekusikiliza arudie. Kisha rudia yote kwa mwanasaikolojia wa kipindi, nje ya kamera. Mara mbili, kwa watu wawili, ili asiwepo wa kusema hakuarifiwa. Baadaye mwanasheria wako atajua aombe mkanda wa siku gani.

Mkataba. Tarehe 3 Juni 2009 Mahakama ya Juu ya Ufaransa iliamua katika kesi ya washiriki wa kipindi cha tele L'Île de la tentation kwamba wale watu walikuwa wafanyakazi wenye mkataba wa kazi, ingawa karatasi waliyotia sahihi iliitwa kanuni za washiriki. Kwa hiyo usitishwe na kichwa cha karatasi. Angalia utalipwaje na kwa saa zipi, faini ya kuondoka mapema, sura yako itatumika miaka mingapi na nchi zipi. Halafu tafuta kifungu cha matusi ya kibaguzi: nani anaamua, ndani ya saa ngapi, adhabu gani. Kama hakipo, omba kiandikwe. Wakikataa kukiandika, hilo nalo ni jibu. Uliza pia mwanasaikolojia atakuwa nawe muda gani baada ya kipindi kurushwa, kwa sababu kwa wengi pigo huja nje.

Hana Kimura wa Japani, mpiganaji wa mieleka ambaye baba yake ni Mwindonesia, alionekana katika Terrace House, kipindi cha kwao cha nyumba ya kamera, akimfokea mwenzake aliyeharibu vazi lake la ulingoni. Sehemu ile ilitoka Machi 2020, matusi yakamfuata kwenye simu siku baada ya siku, na tarehe 23 Mei alijiua, akiwa na miaka 22. Mtu mmoja aliyemtukana alitozwa faini ya yen 9,000. Hasira iliyofuata ilifanya bunge mwaka 2022 lipandishe adhabu ya kutukana hadi kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yen 300,000. Na hapo hapo Ufaransa, mwaka 2024, mwanafunzi mweusi wa Star Academy, shindano la uimbaji la tele, alitukanwa kwa rangi yake mitandaoni hadi waendesha mashtaka wa Paris wakafungua uchunguzi.

Kwa hiyo kabla hujaingia, akaunti zako zote zikae kwa kaka yako Ilunga. Kuna kosa moja linalowaangusha wengi: namba za siri za kuthibitisha zinatumwa kwenye simu yako, na simu yako imefungiwa kwenye kabati la produksio. Badilisha namba iwe ya Ilunga, na zile namba za akiba uzichapishe kwenye karatasi. Afunge ujumbe kutoka kwa wasiokufuata, aweke orodha ya maneno ya kuzuia, kwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Tusi likija, asifute kwanza. Apige picha ya skrini yenye jina la akaunti, kiungo, tarehe na saa, ndipo afiche. Yaliyo mazito yathibitishwe na komisera wa haki, ofisa wa sheria aliyeitwa wisie zamani. Karatasi yake ina uzito mahakamani kuliko picha ya simu. Kuripoti ni kwa PHAROS, tovuti ya polisi wa Ufaransa, na 3018 ni simu ya bure kwa mateso ya mtandaoni, hasa ya watoto na vijana. Tusi la hadharani la kibaguzi linaweza kushtakiwa ndani ya mwaka mmoja. Tusi la kawaida, ndani ya miezi mitatu. Na tangu sheria ya Agosti 2018, wakikushambulia kwa kundi, aliyeandika mara moja tu naye anaweza kuadhibiwa. Ukitoka humo na usingizi umekataa au mawazo yamekuwa meusi, piga 3114, simu ya kuzuia kujiua, usiku au mchana, kisha utupigie sisi.

Upande wetu tutafanya hivi. Hatuzungumzi na waandishi. Hatujibu maoni. Na watu wa hapa wakianza kumtukana mwenzako kwa rangi yake au dini yake ili kukutetea, tutawanyamazisha, kuanzia kundi la WhatsApp la familia. Hatufanyi hivyo kwa kuogopa sheria tu, ingawa hapa Kongo sheria ipo: ile ya tarehe 7 Juni 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila, na kanuni ya kidijitali ya Machi 2023. Mji huu, mwaka 1992 na 1993, uliwaita watu wa Kasai bilulu, wadudu, kabla ya kuwajaza kwenye magari moshi na kuwatimua Katanga. Neno lilitangulia, treni ikafuata. Jina lako ni la kwao, Mama, unajua lilikotoka.

Tupigie picha mkataba wote, kurasa zote pamoja na viambatisho, kwa mwanga wa mchana, karatasi ikiwa imelala mezani ili herufi ndogo zisomeke. Tuma kabla ya Jumatano. Sahihi usiweke bado. Na kwenye fomu, pale wanapouliza "jina la kutumia hewani", tumeona umeandika jina la mkato, "Mimi". Lifute.

Papa na Mama