Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kabale

Bombo, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, baba yako naye hajambo isipokuwa lile goti. Barua hii anakuletea mdogo wako pamoja na mfuko mwekundu. Usiufungue mfuko mpaka umalize kusoma.

Aliporudi kutoka kwako Ijumaa nilimuuliza unakula nini, akanieleza vizuri. Nilipomuuliza habari ya pumu yako, akatazama chini. Nikambana mpaka akasema. Kwenye droo yako ameona pampu tatu za bluu, zile za kuvuta kifua kikibana, zote tupu, na ile ya kahawia ya kuvuta kila siku niliyokununulia kabla ya mfungo bado iko kwenye boksi lake, hata gundi ya kifuniko haijabanduliwa. Usimgombeze. Ni mimi niliyemwambia afungue droo.

Tatu tangu mfungo, mwanangu. Pampu moja ina mivuto 200. Muuguzi wetu hapa kliniki anasema mtu akimaliza tatu kwa mwaka mzima, hiyo tayari ni dalili ya hatari, na anayemaliza moja kila mwezi anachezea roho yake. Nimepiga hesabu kwa vidole, nikairudia, nikashindwa kulala.

Na sasa unakwenda Kabale. Habari ya kazi nimeieneza soko zima, mpaka muuza mkaa anajua kwamba binti yangu anakwenda kufundisha fizikia sekondari. Mimi niliyeishia darasa la tatu! Nikipita naona watu wananiangalia tofauti. Lakini Kabale ni baridi, asubuhi ukungu umelala juu ya vilima, na watu huota moto ndani ya nyumba. Ukiwa Kampala na kifua kikakubana usiku, mimi alfajiri napanda taksi na kabla ya saa mbili niko mlangoni kwako. Kabale ni zaidi ya kilomita 400. Nitafika nikute nini?

Najua utakachosema, kwa sababu ulikwisha kuniambia kwenye simu. Umesoma kwamba ile ya kahawia ina steroidi, itakunenepesha, itakuharibu mifupa. Nilikwenda kuuliza. Nilipanga foleni tangu saa moja asubuhi kwa ajili ya swali lako, si langu. Muuguzi akasema wanaotakiwa kuogopa hayo ni hasa wanaomeza vidonge vya steroidi muda mrefu. Dawa ya kuvuta ni kidogo sana, inapimwa kwa maikrogramu, nayo inakwenda palepale kwenye mapafu. Ukisukutua mdomo ukatema, basi, hata ule utando mweupe wa ulimi si rahisi kuupata. Ya bluu inafungua njia ya pumzi kwa saa chache tu, uvimbe wa ndani unabaki vilevile. Ya kahawia ndiyo inayoutuliza, tena polepole, kwa siku na wiki, ndiyo maana mtu anaona kama haifanyi kazi. Akaniambia tangu 2019 mwongozo wa dunia wa pumu unasema mtu mzima asiachiwe ya bluu peke yake. Wewe uliyesoma umeisoma nusu ya kwanza ukafunga simu.

Mwaka jana walikuja vijana kliniki na karatasi za maswali kwa sisi wenye pumu. Wakaniuliza umri, wakaniuliza nimefika darasa la ngapi. Nikasema la tatu. Halafu yakaja haya: katika wiki 4 zilizopita, umebanwa mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki? Umeamshwa usiku na kifua? Umetumia ya bluu zaidi ya mara 2 kwa wiki? Kuna kazi imekushinda kwa ajili ya pumu? Nikajibu hapana, hapana, hapana, hapana. Yule kijana akarudi kutazama pale alipoandika darasa la tatu. Nilimwelewa. Mara nyingi wasiosoma ndio wanaoumia zaidi, wala sikatai, nimewaona kwenye lile benchi. Mama mmoja alikuwa anapulizia dawa kwenye kitambaa halafu anakinusa. Mwingine anapikia kuni ndani ya chumba anacholala na watoto, na ya kahawia ni ghali kuliko ya bluu, kwa hiyo ananunua ile inayomfungua leo. Asiyesoma anaona haya kumuuliza daktari. Mimi niliona haya miaka minane. Kila kiangazi nilitumbukiza pampu kwenye maji ya beseni nione kama imekwisha, kumbe maji hayasemi kweli na chombo kinaharibika.

Karatasi ya ndani ya boksi la pampu ni Kiingereza, na wewe ndiye uliyekuwa unanisomea, ukiwa na miaka tisa. Ulinisomea vizuri. Mimi nikakwambia ikunje, hao wa kiwandani wanataka pesa tu. Jirani alikuwa ameshanitia maneno kwamba msichana akizoea pampu haachi, na hataolewa. Yaliyofuata ulipokuwa kidato cha pili unayajua, sitayaandika hapa. Nayakumbuka kila ninapolifunga lile kabati nililokuwa naifichia pampu yako.

Kwa hiyo nikikwambia vuta ya kahawia, usidhani nakwambia mtu asiye na lawama.

Mimi nilikuwa na haya ya kutojua. Yako ni nyingine, ni ya aliyesoma: hutaki muuguzi akushike mkono akufundishe kitu ambacho wanafunzi wako wangekielewa kwa dakika moja. Lakini Idi nilikuona. Ulibonyeza kwanza ndipo ukavuta, dawa ikatokea puani kama mvuke wa chai. Na hata ingeingia, hukuzuia pumzi. Itikise. Toa pumzi yote. Funga midomo barabara, anza kuvuta polepole, hapohapo bonyeza, endelea kuvuta, kisha zuia pumzi uhesabu mpaka kumi. Mimi hunihesabia baba yako, kwa Kiswahili chake cha kambini, kama anaamrisha kwata. Mwaka 2024, Siku ya Pumu Duniani, ile Jumanne ya kwanza ya Mei, walituambia kauli ya mwaka ni elimu ya pumu. Elimu hiyo ni ya mkono na pumzi, haina cheti, na wewe hujaipata.

Sasa fungua mfuko. Ile chupa ya maji ya nusu lita nimeitoboa kitako kwa msumari wa moto, tundu la kukaa mdomo wa pampu, nikazungushia plasta pande zote. Ukiona kubonyeza na kuvuta kwa pamoja kunakushinda, bonyezea ndani ya chupa, vuta kwa upande wa pili. Usiione aibu. Hata watoto wa hospitali kubwa wamewahi kufanyiwa hivyo.

Kopo la majani ya chai lina vipande 50 vya ukindu, nimevitia rangi ya zambarau. Ya kahawia ni mivuto miwili asubuhi, miwili jioni, kwa hiyo pampu moja ni siku 50. Kila usiku ukimaliza, toa kipande kimoja utupe. Vikibaki kumi nenda dukani, usingoje. Mimi nimefanya hivi mwaka wa nne sasa, na vipande vyangu sivitupi, nasukia vifuniko vya vikapu.

Sweta ni la shangazi yako, amesema ulivae asubuhi na ujifunike pua ukitoka. Siagi ya karanga ni yako peke yako, usigawe yote.

Hapa mbuzi amezaa wawili, mmoja dhaifu, tunamnywesha kwa chupa. Mabati ya jikoni yamevuja tena, kwa hiyo sigiri nimeiweka nje chini ya mwembe moja kwa moja, na moshi umepungua ndani. Baba yako sigara anavutia kule kwenye kichuguu. Alianza hivyo zamani, ulipokwenda bweni. Angeanza mapema zaidi. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Ukipata mshahara wa kwanza usinitumie kitu, nunua pampu mbili za kahawia uziweke, ndipo utume.

Nataka majibu ya yale maswali manne, kwa maandishi yako, uyape kwa mdogo wako. Sitaki uniambie "niko sawa". Jibu ndiyo au hapana, moja moja. Na kabla hajaondoka, bandua ile gundi mbele yake, uvute miwili yeye akihesabu, anipigie simu nimsikie anahesabu. Hizo tatu tupu aje nazo, nitazipeleka kliniki mwenyewe.

Mpe pia sufuria langu dogo. Mfuniko wake uko nyuma ya mlango wako, mara ya mwisho niliuona pale.

Mama yako