Kwa wazazi wa waogeleaji wadogo

Wanangu,

Kila mara nawasikia mkiulizana: mtoto akiumwa, aende kuogelea au abaki nyumbani? Naona mafua ndiyo yanayowasumbua zaidi. Mimi linalonitia hofu ni tumbo.

Mafua mepesi, mtoto anakula na kucheza kama kawaida, hayana neno, mwacheni aogelee. Homa ni jambo jingine. Mwenye homa huchoka upesi, na mtoto aliyechoka akiwa majini yuko hatarini hata kama ni hodari wa kuogelea. Arudi homa ikishatulia siku nzima bila dawa.

Sasa tumbo. Mtoto anayehara asiingie bwawani, hata kama amehara mara moja tu asubuhi, hata kama ada imelipwa na mwenyewe analia. Wengi mnaitegemea klorini. Ni kweli huua bakteria wengi kwa dakika chache, lakini kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kinachoweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yaliyotiwa klorini ipasavyo. Mtoto wa mwenzio akimeza funda dogo tu la maji hayo, anaweza kuugua. Nepi za kuogelea nazo hazizuii kinyesi chepesi kupenya. Kuhara kukikoma, ngojeni saa 48. Daktari akithibitisha kwamba ni kimelea hicho, wiki 2 kamili. Najua ni muda mrefu kwa mtoto ambaye tayari anarukaruka nyumbani, ila kimelea huendelea kutoka na choo chake baada ya yeye kupata nafuu.

Mwenye tetekuwanga asubiri malengelenge yote yakauke na kufanya vigaga. Macho yenye tongotongo la usaha, au kidonda kibichi: abaki. Sikio linalouma au kutoa usaha, daktari aliangalie kwanza.

Na nawasihi, msimfiche mwalimu wa kuogelea. Mtoto mwenye pumu au kifafa anaweza kuogelea, lakini mwalimu ajue: wa pumu, dawa yake ya kuvuta iwe ukingoni, wa kifafa awe na mtu mzima asiyembandua macho. Vivyo hivyo mtoto akijisaidia majini kwa bahati mbaya, mwambieni msimamizi papo hapo, awatoe watu na kusafisha bwawa. Mkinyamaza kwa aibu, wenzake wataendelea kuyameza maji hayo.

Mzee wenu