Maombi ya warsha za uzamivu yasiandikwe kama tasnifu iliyokwisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu vijana wa Kanda ya Ziwa wanaosomea shahada ya uzamivu katika taaluma ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta, yaani wale wanaochunguza jinsi watu wanavyotumia simu, kompyuta na mitambo mingine, na jinsi vifaa hivyo vinavyopaswa kuundwa ili vimfae anayevitumia. Mikutano mikubwa ya taaluma hii huwatengea wanafunzi wa uzamivu siku moja au mbili, ambapo kikundi kidogo cha waliochaguliwa huketi pamoja na watafiti wazoefu, kila mmoja akaeleza utafiti wake, akaulizwa maswali na kushauriwa. Hakuna mtihani wala alama. Mkutano wa CHI, unaoandaliwa na SIGCHI, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1982 chini ya chama cha wanakompyuta cha ACM, una warsha ya aina hiyo. Na hapa barani tunao mkutano wa AfriCHI, ambao ulifanyika kwa mara ya kwanza Nairobi mwaka 2016, ukaenda Windhoek mwaka 2018, na East London nchini Afrika Kusini mwaka 2023.

Vijana wetu wengi hawaombi kabisa. Wanaoomba hukataliwa mara nyingi, na kwa kadiri nilivyosoma maombi yao kabla hayajatumwa, sababu si uhaba wa akili wala ugeni wa mada. Sababu ni kwamba wanaandika kana kwamba utafiti umekwisha, ilhali anayesoma maombi anatafuta mwanafunzi ambaye bado ana jambo la kuuliza.

Desturi hii tumewafundisha sisi wenyewe. Mwanafunzi anapotetea pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo, pengo lolote atakaloonyesha huwa ndipo mahali pa kushambuliwa, kwa hiyo hujifunza mapema kuziba kila tundu, kutaja nadharia tatu pale ambapo moja ingetosha, na kuahidi matokeo asiyoyajua. Akiipeleka tabia hiyo kwenye warsha ya malezi ya kitaaluma, walezi hawaoni pa kumshika mkono. Mtu aliyekwisha kujibu kila kitu atasaidiwa nini?

Nitoe mfano ninaoufahamu. Mwanafunzi mmoja alikuwa akichunguza jinsi akina mama wanaouza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, wanavyotumia huduma za fedha kwa simu. Muhtasari wake ulianza kwa sentensi ambayo wasomaji wako wameiona mara nyingi mno, kwamba teknolojia ya habari na mawasiliano imekua kwa kasi duniani, ukaendelea na historia ya simu za mkononi, ukafuatiwa na malengo mahususi manne na idadi ya hojaji zitakazogawiwa. Ndani kabisa, chini ya kichwa cha changamoto za ukusanyaji wa data, kulikuwa na aya fupi iliyonifanya niketi wima. Aliandika kwamba mama anapokuwa katikati ya kupima dagaa, mikono imejaa chumvi na magamba, jua limepiga kioo cha simu hata maandishi hayasomeki, na menyu ya huduma hukatika yenyewe asipojibu haraka, humkabidhi simu kijana wa jirani na kumtajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya wateja, kisha akaendelea kupima. Mwanafunzi aliliona jambo hilo kuwa kikwazo, kwa sababu hojaji yake ilikuwa imeandikwa kwa mtu mmoja mwenye simu moja.

Huo ndio utafiti. Huduma hizo zimejengwa juu ya dhana kwamba mwenye simu ndiye anayeishika, na kwamba siri hukaa kichwani mwa mtu mmoja. Pale Mwaloni simu inashikwa na wawili na siri inalindwa kwa kujuana. Je, mtumiaji ni nani hapo, na mbuni wa huduma amlinde nani dhidi ya nani? Mtafiti wa Yokohama au Cape Town angeweza kuzungumza na kijana huyu mchana kutwa kuhusu swali hilo peke yake, na angemwambia jambo la maana kuhusu mbinu: kwamba pengine hojaji haimfai, na kwamba kukaa sokoni na kutazama kazi inavyokwenda kungempa zaidi. Lakini asingeweza kumsaidia lolote kuhusu kasi ya ukuaji wa teknolojia duniani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeandaa maombi ni kwamba swali liwe katika aya ya kwanza, alichokwisha kukifanya kielezwe kwa ufupi na kwa ukweli, na mahali alipokwama pasemwe waziwazi pamoja na msaada anaoutaka. Wakati wa kuomba nao una maana yake. Anayeomba mwaka wa kwanza, kabla hajagusa uwanja wa utafiti, hana cha kujadiliwa, na anayeomba akiwa anaandika sura ya mwisho hana nafasi ya kubadili chochote. Anayefaa zaidi ni yule aliyekwisha kukusanya sehemu ya data na bado anaweza kugeuza njia.

Barua ya msimamizi inanipa shida zaidi, kwa sababu hapo kosa si la mwanafunzi. Warsha hizi kwa kawaida huomba barua ya msimamizi ili kujua mwanafunzi amefikia hatua gani, atamaliza lini, na atanufaika na nini. Barua ninazoziona huthibitisha kwamba mhusika ni kijana mwadilifu, mchapakazi na mwenye ushirikiano mzuri na wenzake, maneno ambayo yangemfaa zaidi anayeomba kazi ya uhasibu. Wapo pia wasimamizi wanaomwambia mwanafunzi aiandike mwenyewe kisha ailete isainiwe. Barua ya namna hiyo hujulikana mara moja, maana huwa na sentensi zilezile zilizomo katika muhtasari, na msomaji wa maombi huondoka na picha ya mwanafunzi asiye na mtu wa kumsimamia.

Kuna jambo dogo la saa ambalo limewapotezea wengine nafasi bure. Tarehe ya mwisho mara nyingi huhesabiwa kwa saa za sehemu ya dunia ambako siku huisha mwisho kabisa, saa 15 nyuma ya Afrika Mashariki. Usiku wa manane wa huko ni saa tisa alasiri ya kesho yake hapa Mwanza. Kijana anayefunga kompyuta usiku akidhani amechelewa bado ana asubuhi nzima ya kusahihisha, ilimradi umeme uwepo.

Kuhusu nauli, sitaki kumdanganya mtu: ni mzigo. Mwenyeji wa Mwanza anayehitaji viza ya Ulaya hulazimika kwanza kusafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole, kabla hajajua kama atakubaliwa. SIGCHI ina msaada wa safari unaoitwa kwa jina la Gary Marsden, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliyefariki mwaka 2013 na ambaye kazi yake ilihusu sana teknolojia kwa watu wa nchi zinazoendelea. Maombi ya msaada huo huwa na utaratibu wake na tarehe zake, kwa hiyo yasingojee majibu ya warsha. Mkutano unapofanyika Nairobi, safari ni ya basi kupitia Musoma na Sirari, na hapo chuo kinachosema hakina fungu kitakuwa kimeamua tu kutokuwa nalo.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo ya anasa, kwamba ziwa linahitaji injini na majokofu. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, na thamani ya utabiri huo inategemea kama mvuvi wa dagaa, aliye majini usiku na taa zake, ataupata, atausoma na kuuelewa kabla upepo haujageuka. Mtu wa kulichunguza hilo ni mtafiti wa taaluma hii, na anayefaa zaidi ni yule aliyekulia ufukweni.

Ninachoomba kwa vyuo vyetu ni jambo ambalo halihitaji bajeti. Wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, wanafunzi wa uzamivu wakutane na wasimamizi wao, na kila mmoja aeleze utafiti wake kwa Kiswahili, kwa dakika kumi, mbele ya wenzake na mtu mmoja asiye wa fani hiyo, muuza dagaa akipatikana itakuwa vizuri zaidi. Swali litakaloeleweka chumbani humo ndilo liandikwe kwa Kiingereza kwenye fomu. Chuo chenye wanafunzi watatu tu kinaweza kuanza mwezi huu, kwa chumba kimoja na alasiri moja, na wasimamizi waje na kalamu zao, kwa sababu barua wataziandika wao.

Wako msomaji,
Mhadhiri wa kompyuta,
Ilemela, Mwanza.