Samaki wa chini: kabla hujamwita mfagiaji

"Niwekee na yule wa kusafisha." Ombi hilo tunalisikia dukani kwetu, duka la samaki wa kufuga nyumbani, karibu kila Jumamosi. Mteja ameshachagua gapi wake sita, wale samaki wadogo wa rangi, mfuko umefungwa, mkono uko mfukoni unatafuta pesa, ndipo anapokumbuka uchafu. Anataka samaki mmoja akae chini, ale kinyesi na mabaki, ili yeye apumzike kubadilisha maji.

Samaki huyo hayupo. Hakuna hata mmoja tunayemuuza anayeishi kwa kula kinyesi cha wenzake. Samaki wa chini naye anakula, naye anajisaidia, na kila unayemwongeza anaizidishia filta mzigo. Wapo wanaokwangua ukoga wa kijani kwenye kioo, wapo wanaookota punje za chakula zilizozama, lakini uchafu wenyewe unatolewa kwa mkono wako: robo ya maji kila wiki, na mpira wa kunyonya ukipita juu ya mchanga. Ukilikubali hilo, tunaweza kukaa tukazungumza vizuri kuhusu nani anafaa kuishi chini ya tangi lako.

Anayewaponza wengi ni pleko. Dukani ni kitu cha sentimita tano, cheusicheusi, kimejibandika kwenye kioo kwa mdomo, na watoto wanampenda papo hapo. Yule wa kawaida akikua anapita sentimita 30. Sasa chukua tangi wanalonunua wateja wetu wengi, la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hizo ni lita 54 ukilijaza pomoni, kabla hujaweka mchanga. Samaki mwenye urefu huo ndani ya tangi lenye upana huo hata kugeuka ni taabu. Miaka yetu ya mwanzo tuliwauza bila kuuliza neno, na tulikosea. Mama mmoja alimrudisha wake ndani ya ndoo ya lita 20, mkia umekunjwa ukingoni kwa sababu ndoo ilikuwa fupi kuliko samaki. Alikuwa amemlea miaka mitatu, na alipotukabidhi machozi yalimlengalenga. Tangu siku hiyo hatumtoi pleko dukani kabla hatujajua urefu wa tangi anakokwenda.

Kambare mdogo wa bwawani ni hivyohivyo, tena zaidi, maana huyo anaweza kuvuka mita moja na anameza kila kinachoenea mdomoni. Jihadhari pia na yule mwembamba wa njano anayenyonya kioo, anayeuzwa kama mla ukoga. Akiwa mdogo anafanya kazi hiyo kweli. Akikomaa anakuwa mkorofi, anaanza kuwaganda wenzake ubavuni na kuwakwangua utelezi wa ngozi.

Kwa tangi dogo, samaki wetu ni korido. Asili yake ni mito ya Amerika Kusini. Ana ndevu fupi pembeni mwa mdomo, na kwa hizo ndiyo anatafuta chakula. Mtazame kwa karibu akila: anazamisha uso mchangani mpaka machoni, anameza, halafu mchanga unamtoka kwenye matamvua kama unga unaopita kwenye chekecheo. Tumewaona maelfu, na bado tunasimama kuangalia.

Kwa sababu hiyo, kabla ya samaki tunaulizia mchanga. Kokoto zenye ncha, pamoja na uchafu unaojificha katikati yake, zinamla ndevu mpaka zinabaki vishina, na korido asiye na ndevu anapata shida hata ya kuona chakula kilicho mbele yake. Tumia mchanga laini wa mtoni, uuoshe mpaka maji yatoke meupe. Wateja wa Dar es Salaam wanapenda kuchota wa ufukweni kwa sababu ni wa bure. Usichukue. Una chumvi, na una vipande vya makombe na matumbawe vinavyofanya maji yawe magumu, yaani yenye chokaa nyingi, siku hadi siku. Kama huna hakika na mchanga ulioletewa, weka kijiko kimoja kikavu kwenye kikombe, kamulia ndimu au mimina siki. Ukichemka povu, haufai kwa korido.

Maji ya kisima nayo tuyaongelee, kwa kuwa visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Korido haimpendezi chumvi. Kama nyumbani mnatumia kisima, njoo na chupa ya maji hayo tuyapime kwanza. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo yatie dawa ya kuiondoa kabla hayajamfikia samaki.

Halafu kuna joto, jambo linalosahaulika kabisa. Korido wengi wanapenda maji ya nyuzi 22 hadi 26. Chumba cha Dar mwezi wa Februari kinapeleka tangi nyuzi 30 bila hita yoyote, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: kama miligramu 7.5 kwa lita kwenye nyuzi 30, wakati kwenye nyuzi 20 ni miligramu 9. Kwa wateja wa pwani tunapendekeza korido aina ya sterbai, mwenye mapezi ya rangi ya chungwa, kwa kuwa anastahimili joto kuliko ndugu zake, na pampu ya hewa iwake usiku na mchana. Wa Arusha, Mbeya au Nairobi, kwenye baridi ya Juni na Julai, wachukue korido wa madoa, paleatus, ambaye anaishi vizuri kwenye ubaridi. (Huyu ni miongoni mwa samaki ambao mwanasayansi Charles Darwin aliwakusanya katika safari ya meli ya Beagle.) Korido ana desturi ya kupanda juu ghafla, kugugumia hewa na kushuka, anaipumua kwa utumbo, usishtuke. Akipanda kila dakika, basi maji yamekosa hewa.

Usimchukue mmoja. Korido mmoja anajificha pembeni na kunywea. Sita ndiyo idadi tunayoanzia, na tangi la lita 54 linawatosha sita wa sterbai pamoja na samaki wadogo wachache wa juu. Tangi lako likiwa dogo zaidi, la lita 30 au 40, kuna korido kibeti mwenye sentimita mbili na nusu hadi tatu, na hao wanane au kumi wanaenea.

Ukitaka hasa mla ukoga, yupo oto, sentimita nne hivi, mpole. Lakini wengi hufa kwa njaa ndani ya wiki chache, kwa sababu huwekwa kwenye tangi jipya linalong'aa, lisilo na cha kukwangua. Subiri tangi lifikishe miezi mitatu. Na unapomchagua, kwetu au kwingine, mwangalie tumbo akiwa kwenye kioo. Lililoingia ndani, muache.

Gogogo wa Ziwa Tanganyika, mweupe kwa madoa meusi, tunaulizwa sana na tunampenda. Anataka maji magumu na tangi kubwa kuliko haya, kwa hiyo tutamwandikia makala yake.

Chakula: ukizima taa usiku, subiri dakika kumi, dondosha vidonge vinavyozama. Mchana gapi watavimaliza vyote. Asubuhi ukikuta vimebaki, punguza.

Siku ya kuja dukani tangi liwe limeshatembea na filta yake wiki nne hadi sita, na uje na vipimo: urefu, upana, kina. Korido tunamfunga kwenye mifuko miwili, kwa kuwa miiba ya mapezi yake inatoboa plastiki. Ukifika nyumbani usimtoe kwa wavu, miiba hiyo inanasa. Mchote kwa kikombe.