Zamu za jioni kwa sisi wa mashine

Mhariri,

Mimi ni mhunzi hapa Uyole, Mbeya. Springi chakavu za malori nazigeuza majembe na visu. Figo zangu zimeacha kazi, hivyo mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4, damu yangu inasafishwa kwa mashine.

Mkono wa kushoto, ulioshika koleo miaka yote, ndio uliounganishwa mishipa ya damu, mashine ipate pa kuvutia damu. Hauruhusiwi kubeba kizito. Basi kijana wangu anashika koleo, mimi napiga nyundo na kumsomea rangi: chuma kikiwaka chungwa tunapiga, kikififia kinarudi motoni. Mateso ni kiu. Nasimama mbele ya makaa, na maji nimepimiwa kwa kikombe! Pipa la kupozea chuma linakunywa kuliko mimi.

Majirani wanasema nifunge karakana. Nikae nikitazama ukuta? Siku hizi nafua maua ya mageti, kazi nyepesi niliyoidharau zamani. Sasa naipenda, nakiri.

Ombi kwa wanaopanga zamu za mashine: wengine tuwekeni jioni. Nikitoka pale mchana, nyundo siinui tena, na asubuhi yote ya kufua imekwisha.

Mhunzi,
Uyole, Mbeya